Ung'eng'e Hauponyi

Kijana mwenzetu mmoja aliandika katika kurasa hizi kwamba sisi tunaoota kuandika riwaya tuachane na habari za istilahi. Eti istilahi ni kazi ya maprofesa wa Dar es Salaam. Yetu sisi ni mapenzi, mauaji na visa vya mjini. Nilisoma nikacheka. Halafu nikakasirika, na hasira ile haijanitoka hadi leo ninaposhika kalamu. Simchukii mwandishi huyo, kwanza kalamu yake ni kali kuliko yangu. Lakini jambo analolidharau ndilo lililomlaza bibi yangu kwenye mkeka, hapa Bariadi, mkono wa kulia umekufa.

Bibi alikuwa mchumaji wa pamba. Msimu ukifika yeye ndiye anatangulia shambani, na jioni sie vijana tunarudi hoi wakati yeye bado anapiga soga. Mwaka juzi akaanza kulalamika kwamba kisogo kinamgonga. Akapelekwa zahanati moja, jina naliweka kapuni. Akapimwa, akaambiwa ana haipatensheni. Neno lilitamkwa mara moja, likaandikwa kwenye daftari lake kwa mwandiko wa kukimbia, akapewa vidonge vya mwezi mmoja katika kibahasha kilichoandikwa "1x1". Basi. Alivimeza vyote kwa utii. Vilipokwisha, kisogo hakigongi tena, akatangaza amepona, akarudi shambani. Miezi minne baadaye akaangukia katikati ya mistari ya pamba. Kiharusi.

Alipoanza kusema tena nilimuuliza, "Bibi, kwani hukuambiwa dawa zile ni za kumeza siku zote?"

Akanijibu kwa ulimi mzito, "Mjukuu wangu, waliniambia nina ugonjwa wa Kizungu. Nikajua wenyewe wameshautibu kwa dawa ya Kizungu."

Sasa msije mkadhani nimekuja kulia lia hapa kwamba Kiswahili kinaonewa. Kiswahili chetu cha mtaani nacho kina kesi ya kujibu. Tunasema presha. Tunasema fulani ana presha ya kupanda na fulani ana ya kushuka, utadhani tumegawiwa. Tunasema imepanda, imeshuka, kama bei ya pamba. Na kitu ambacho hupanda na kushuka chenyewe, nani atakimezea dawa siku kimeshuka? Neno lenyewe linamshauri mtu aache vidonge! Ukifungua kamusi unalikuta shinikizo la damu, neno sahihi kabisa, lakini mimi sijawahi kulisikia stendi wala gulioni. Basi ugonjwa mmoja una majina matatu: moja halieleweki, moja linapotosha, moja limefungiwa kabatini. Na anayejifunza uganga anafundishwa lipi? Lile lisiloeleweka.

Najua ninachosema kwa sababu mdogo wangu anasoma utabibu, katika chuo kimoja cha afya huku Kanda ya Ziwa. Yeye Biolojia na Kemia zilimkubali. Mimi Fizikia ilinikata miguu kidato cha nne, nikaishia kwenye duka la steshenari jirani na stendi, mchana natoa kopi, usiku naandika riwaya ambayo haitaki kuisha. Likizo yake ya kwanza alikuja na daftari. Chuoni wanaoanza hugawiwa orodha ya maneno ya msingi ya sayansi za afya: viungo vya mwili, magonjwa, vipimo, majina ya vifaa. Safu mbili. Safu ya kwanza neno la Kiingereza, safu ya pili maana yake, nayo kwa Kiingereza. Akaniomba, "Kaka, niulize, mi nijibu."

Nikamuuliza. Akajibu kama kasuku aliyelishwa vizuri. Tukafika kwenye maneno mawili yanayofuatana, akayatoa yote bila kukosea herufi. Nikamwambia, "Haya, niambie tofauti yake kwa lugha ya nyumbani." Kimya. Akaanza tena kung'eng'eka, nikamkatiza. Tukasoma ile tafsiri pamoja polepole, mimi na Kiingereza changu cha kidato cha nne, hadi ikatoka: dalili ni kile anachokisema mgonjwa, ishara ni kile anachokiona mganga. Bibi anasema kisogo kinagonga, hiyo dalili. Mganga anaona kipimo kimesoma juu, hiyo ishara. Mdogo wangu akaishika midomo yake. "Kumbe ndiyo hivyo tu?" Alikuwa amepata alama 9 kati ya 10 katika jaribio la maneno hayo, jamani. Alama 9, na jambo lenyewe amelielewa ukumbini kwetu, kwenye taa ya chemli, umeme umekatika.

Kuanzia usiku ule tukachora safu ya tatu.

Wako watakaosema Kiswahili hakina maneno. Hoja hii ni kuukuu na inanuka. Ini, figo, bandama, kongosho, nyongo, kibofu, mapafu, utumbo mwembamba na utumbo mpana, mboni, fuvu, kondo la nyuma: haya ameyaunda profesa gani? Surua, pepopunda, kifaduro, dondakoo, kaswende, kisonono, matende, safura, pumu, kifafa, utapiamlo. Yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Mlimani ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Maneno yapo yamelala kwenye vitabu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haambiwi hata kwamba vitabu hivyo viliwahi kuchapishwa.

Wengine wanasema, sawa, yapo, lakini ni maneno ya jikoni, hayana hadhi ya sayansi. Hapo ndipo ninapotamani kupiga meza. Hivi hayo majina makubwa ya vitabu vya tiba mnadhani yalitoka mbinguni? Ni maneno ya jikoni ya Warumi na Wagiriki. Mfupa wa nyonga waliuita pelvisi, yaani beseni. Mfupa wa muundi, tibia, yaani filimbi. Kondo la nyuma, plasenta, ni keki bapa. Kile kiungo cha ndani ya sikio ni kokilea, konokono. Na msuli wenyewe jina lake la Kirumi ni kipanya, sijui waliona nini kikikimbia chini ya ngozi. Mfupa ulio mbele ya goti wao waliuita kisahani. Sisi tunauita pia ya goti, ile pia ya watoto ya kuzungusha chini. Niambieni nani hapo ana sayansi na nani ana jikoni. Tofauti ni kwamba Mrumi hakuona haya.

Nakubali, kuna mahali Kiswahili kinayumba, na asiyekubali hilo anadanganya. Chukua neno mshipa. Damu inapita kwenye mshipa. Maumivu yanapita kwenye mshipa. Mzee akivimba korodani, "ana mshipa". Ukikaza shingo, "mshipa umevutika". Mwanafunzi akimwandikia mwenzake kwamba mgonjwa amekatika mshipa, mwenzake atajuaje kama ni wa damu au wa fahamu? Ndiyo maana kamusi zimekopa ateri, vena na neva, na mimi nasema zikopwe, zitumike, hakuna dhambi. Lakini hata hapo tusitishwe. Hao Wagiriki wenyewe neno ateri walilitumia kwa koo la hewa, na wapo wataalamu wao walioamini kwamba mishipa hiyo inabeba hewa, mpaka Galen akaonyesha kwamba imebeba damu. Neno likabaki, maana ikanyooshwa. Lugha hunyooshwa na watu wanaoifanyia kazi. Hainyooshwi kwa kukaa ikisubiri ruhusa.

Na ruhusa yenyewe tumeisubiri sana. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwaka 1991. Mwaka 1983 serikali ikasema hapana. Sera ya elimu ya 2014 ikaja na kauli ya kufungua mlango, toleo lake la 2023 likaurudishia. Mahakama nazo, zilizokuwa zikimhukumu mtu kwa lugha asiyoijua, zilibadilishiwa sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha yake. Kama mshtakiwa anastahili kuelewa hukumu yake, mgonjwa je?

Afya kwa Kiswahili si jambo geni nchini. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, chini ya miembe na madarasani, wakasikiliza redio na kusoma vitabu, wakajadili malaria, kichocho, maji na vyoo, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Milioni mbili! Hakuna aliyeambiwa asubiri kwanza ajue Kiingereza. Ugonjwa mpya ulipoonekana Kagera mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha biashara ya magendo, na jina lile halikumfundisha mtu chochote zaidi ya umbea. Likaja UKIMWI. Upungufu wa Kinga Mwilini. Angalia neno hilo linavyofanya kazi: ukilifumua tu umeshaelezwa ugonjwa ulivyo. Mtoto wa darasa la nne wa Bariadi anaweza kukufumulia. Nani amfumulie bibi yangu haipatensheni?

Sisemi kila neno lililoundwa hushika. Mwaka 2021 tulipewa UVIKO, na bado mtaani ni korona tu. Lakini barakoa ilishika, tena ndani ya wiki, hata kwa makondakta. Neno hushika pale linapofika kabla ya kuzoeleka jingine, na pale anayelisema anamtazama usoni anayeambiwa. Ninalolipenda kuliko yote ni selimundu. Daktari James Herrick wa Chicago alieleza mwaka 1910 chembe za damu zilizopinda kama mundu, na Mswahili akasema, mundu ndiyo huu huu wa kuvunia mpunga. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye ugonjwa huo. Mwonyeshe mama mundu, mwambie chembe za damu ya mwanao zimepinda hivi, zinanasa njiani kwenye mishipa midogo, ndiyo maana analia viungo usiku. Ameelewa. Hutarudia.

Sasa nije kwenye safu ya nne, maana tulichora na ya nne, na hii ndiyo iliyotugombanisha mimi na mdogo wangu. Ni ya Kisukuma.

Simiyu, sehemu yake kubwa, ilikatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 ikawa mkoa, na wilaya zake tano, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, zina bibi wengi ambao Kiswahili wanakisikia redioni tu. Meatu utakutana na Wataturu na Wahadzabe juu yake. Mganga anapangiwa kazi kutoka mkoa mwingine, kijana mzuri tu, anafika kijijini hajui hata kuitikia mwangaluka. Nani anamtafsiria? Mhudumu wa kufagia, au ndugu wa mgonjwa. Fikiria msichana ana kaswende na anayemtafsiria ni shangazi yake. Atasema nini? Atasema anaumwa kichwa.

Mdogo wangu alisema safu ya nne itamchelewesha, mtihani hauulizi Kisukuma. Nikanyamaza. Alipokwenda mafunzo kwa vitendo, huko Itilima, akaletewa mtoto anayechemka, macho yamegeuka. Mama yake alikuwa amempitisha kwanza kwa nfumu, siku nzima, kwa sababu kwake hiyo ni degedege, na degedege si ugonjwa wa sindano. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa palepale. Kwenye daftari la mdogo wangu degedege haikuwepo. Kulikuwa na neno la Kiingereza la kukakamaa mwili, na jingine la malaria iliyopanda kichwani, yote ameyakariri barabara. Hayakumsaidia kumshawishi yule mama aachie mkono wa mtoto. Kilichomsaidia ni mzee mmoja pale benchi aliyemweleza mama kwa Kisukuma kwamba bugota ya hospitali na bugota ya nfumu hazigombani kwa siku moja, ampe binti nafasi. Mtoto alipona. Mdogo wangu aliporudi nyumbani, bila kuniangalia, akachukua rula akachora safu ya nne katika kurasa zote zilizobaki.

Tazama hilo neno bugota. Ni dawa ya kunywa, ni hirizi, ni kila kitu. Hata Kiswahili chetu, dawa ni ya malaria, ya meno, ya viatu na ya mapenzi. Mwanafunzi wa tiba asipojua kwamba neno la mgonjwa lina tumbo kubwa namna hiyo, atadhani wanaongea kitu kimoja kumbe kila mtu yuko sokoni kwake. Na kichocho je? Huku kwetu watoto wanaochezea madimbwi na mito wanakojoa damu. Tulipokuwa wadogo sisi wavulana tulidhani ni dalili ya kupevuka, tukawa tunatambiana! Kwenye orodha ya chuo ugonjwa huo umepewa jina la Theodor Bilharz, Mjerumani aliyemwona mnyoo wake Cairo mwaka 1851. Heshima yake tumwachie. Lakini ukiingia darasa la tatu kule Maswa ukataja Bilharz hakuna mtoto atakayeinua mkono. Sema kichocho, halafu sema konokono, halafu sema usikojoe mtoni.

Hata Kiswahili chenyewe hakijileti. Mzee mmoja mtaani kwetu aliambiwa dawa ni ya "kila saa nane". Aliyemwambia alikuwa ametafsiri neno kwa neno kutoka kwenye kitabu chake. Mzee akawa anameza saa nane mchana, na saa nane usiku anamka kwa kengele ya simu ya mwanawe. Mara mbili kwa siku badala ya tatu, na usingizi kaukosa. Nani mjinga hapo? Ilitakiwa aambiwe: asubuhi saa kumi na mbili, mchana saa nane, usiku saa nne. Hilo nalo ni somo, lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza, kabla ya majina ya mifupa 206.

Sijasema Kiingereza kitupwe, na wale wanaosema kitupwe kesho asubuhi nawaomba wakasome maandishi kwenye chupa za dawa. Mdogo wangu atafanya mtihani kwa Kiingereza, atasoma vitabu vya Kiingereza, ataandika rufaa kwa Kiingereza. Akijue, tena akijue sawasawa. Ninachokataa ni kumwanzia hapo na kumwachia hapo. Orodha ya mwanafunzi anayeanza ianze na neno la mgonjwa, ndipo imvushe hadi kwenye neno la kitabu, na imrudishe tena. Sasa hivi anavushwa, daraja linavunjwa nyuma yake, na tunampigia makofi kwamba amekuwa msomi.

Sasa wewe ndugu yangu uliyeniudhi. Ulisema istilahi si kazi yetu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya maji tu hapo, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Inahusu nini? Ndoa isiyo na mtoto, na mume anayehangaika kwa waganga hadi mke apate dawa. Ugonjwa, mwili, mizizi, tiba, vyote vimo, kwa majina yake. Alisubiri miaka 35 na hakufuta hata mti mmoja. Sisi tunaandika nini? Nimesoma miswada ya wenzangu, na wangu naujumlisha: daktari anatoka chumbani, anavua miwani, anatikisa kichwa, anasema maneno mawili ya ung'eng'e, mhusika anazimia. Ugonjwa hautajwi. Au unaitwa ugonjwa wa ajabu. Hatuutaji kwa sababu hatuujui, na hatuujui kwa sababu tumekubali kwamba mwili wetu wenyewe ni mali ya lugha nyingine. Halafu tunashangaa wasomaji wetu wakienda zahanati wanakosa pa kuanzia kujieleza.

Mimi nimefuta sura ya saba ya riwaya yangu. Daktari wangu sasa anakaa kwenye kigoda, anamwambia mama wa watu ana nini, kwa sentensi sita. Sentensi hizo sita zimenichukua wiki tatu, na bado mbili hazijakaa vizuri.

Daftari letu lina maneno 214. Bibi ndiye msahihishaji wa safu ya nne, amelala mkekani, mkono mzima unatupungia tukikosea. Shinikizo la damu alilisikiliza mara mbili, akauliza, "Kwa hiyo damu inasukuma ukuta?" Nikamwambia ndiyo, inasukuma ukuta wa mshipa, usiku na mchana, hata ukiwa husikii kitu. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza vidonge vyake viko wapi.

Neno lililotushinda ni kongosho. Hakuna hata mmoja nyumbani aliyelijua kwa Kisukuma, na bibi anasema amewahi kulishika kwa mkono wake tumboni mwa ng'ombe ila jina limemponyoka tangu alipougua. Jumamosi machinjioni wanachinja watatu. Mdogo wangu atakuja na daftari, mimi nitashika kalamu.